Maonyesho ya Mwisho wa Muhula ya Tamthilia na Ngoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila muhula unapokaribia kumalizika, wanafunzi wetu wa Kiswahili na sanaa za maonyesho hapa Tabora hupanda jukwaani na tamthilia na ngoma walizozifanyia mazoezi tangu wiki za mwanzo za masomo. Maswali yafuatayo hutufikia kutoka kwa wanafunzi wenyewe, wazazi, majirani wa chuo na wazee wanaotufundishia ngoma. Pale ambapo jibu fupi lingepotosha, tumejibu kwa urefu.

Je, maonyesho haya ni burudani au ni mtihani?

Ni mtihani unaofanyika mbele ya watu. Kozi nyingine humpima mwanafunzi akiwa peke yake na karatasi yake. Kozi hii humpima akiwa na wenzake, mbele ya hadhira ambayo haikuhudhuria mihadhara na ambayo haina sababu ya kumwonea huruma. Ndiyo maana tunawaomba sana watu waje. Onyesho lililochezwa mbele ya wahadhiri watatu peke yao haliwezi kutuonyesha kama mwanafunzi ana uwezo wa kuishika hadhira, kuisikiliza inapochoka, na kuirudisha katika mchezo bila kutoka nje ya mhusika wake.

Ipo sababu nyingine ambayo kwetu ni nzito zaidi. Wengi wa wanafunzi hawa wanasomea ualimu, na baada ya miaka michache watakuwa wakifundisha tamthilia katika shule za sekondari za Urambo, Nzega, Kasulu na kwingineko. Tamthilia hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni orodha ya wahusika, dhamira na tamathali za usemi za kukaririwa kwa ajili ya mtihani wa taifa. Mwalimu aliyewahi kusimama jukwaani na kusikia kicheko kikitokea mahali ambapo hakukitarajia anajua kwamba maandishi yale yaliandikwa ili yatamkwe na miili ya watu, na hawezi tena kuyafundisha kwa namna ile ya zamani. Tukifanikiwa katika hilo tu, kazi ya muhula mzima haijapotea.

Hufanyika wakati gani wa mwaka?

Mara mbili, katika wiki ya mwisho kabla ya mitihani ya maandishi. Muhula wa kwanza hufungwa wakati wa mvua, kwa kuwa Tabora hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na muhula wa pili hufungwa katika kiangazi. Tofauti hii si ndogo hata kidogo, na mwanafunzi anayechagua mchezo bila kuifikiria hujitafutia taabu.

Wakati wa mvua tunacheza ndani ya bwalo, na bwalo limeezekwa kwa bati. Mvua kubwa ikianza, hakuna sauti ya binadamu inayoweza kushindana nayo. Utaratibu wetu ni kwamba msimamizi wa jukwaa huwasha taa ya pembeni, waigizaji husimama walivyo, wapigaji ngoma huingia na mdundo wa taratibu, na mchezo huendelea pale ulipokatikia mvua ikipungua. Hakuna mwanafunzi anayepunguziwa alama kwa sababu ya mvua, lakini tunaangalia sana jinsi anavyosubiri. Wapo wanaosimama dakika kumi wakiwa bado ni wahusika wao, na wapo ambao baada ya dakika moja wamekwisha kuwa wanafunzi wanaotazama paa.

Katika kiangazi tunacheza nje, chini ya miembe. Hapo adui ni upepo wa mashariki na vumbi, ambavyo hukausha koo haraka. Tunawataka waigizaji wanywe maji siku nzima na si kabla tu ya kupanda jukwaani, na tunawashauri wanaoshona maleba, yaani nguo za jukwaani, wakumbuke kwamba usiku wa Juni na Julai huwa na baridi hapa kwetu.

Mwezi wa Ramadhani ukiangukia kipindi cha mazoezi, mazoezi ya ngoma huhamishiwa asubuhi, na wanaofunga hawalazimishwi kurudia vipande vizito zaidi ya mara moja.

Kwa nini yanaanza saa kumi alasiri na si usiku?

Kwa sababu tunataka wakazi wa Ipuli, Cheyo na Isevya waweze kuja kwa miguu na kurudi nyumbani mapema. Jua la Tabora huzama karibu saa moja usiku, takribani dakika 25 baada ya kuzama Dar es Salaam, kwa hiyo tuna muda wa kutosha wa kucheza ngoma kwa mwanga wa jua na kuiacha tamthilia kwa ajili ya taa. Mapumziko huwekwa wakati wa magharibi, ili wanaoswali waswali na wenye watoto wadogo waondoke bila kumkatiza mtu.

Kwa wanafunzi wanaopanga jukwaa la nje tuna onyo moja. Msiiketishe hadhira ikitazama magharibi, kwa sababu baada ya saa kumi na moja haitaona kitu isipokuwa jua. Wala msiigeuze itazame mashariki, kwa sababu hapo jua litawaingia waigizaji machoni na watacheza nusu ya mchezo wakiwa wamekunja nyuso. Jukwaa lielekee kaskazini au kusini.

Je, kuna kiingilio?

Hapana. Njoo na mkeka kama onyesho ni la nje, kwa kuwa viti hutangulizwa kwa wazee, wagonjwa na wajawazito.

Mwanafunzi hupewaje alama, hasa yule asiyeonekana jukwaani?

Swali hili ndilo linaloleta manung'uniko mengi kuliko yote, na manung'uniko hayo yana haki ya kujibiwa kwa ukamilifu. Alama za onyesho huingia katika tathmini endelevu, na kila mwanafunzi hupimwa kwa jukumu alilopewa. Mwongozaji hupimwa kwa uamuzi wake na kwa daftari lake la mazoezi. Mwigizaji hupimwa kwa sauti, mwili, uhusiano wake na wenzake na uelewa wa mhusika. Msimamizi wa jukwaa hupimwa kwa nidhamu ya mambo: nani aliingia kwa wakati, kifaa gani kilikuwa mahali pake, taa ipi iliwaka wakati upi. Mshona maleba hupimwa kwa nguo zenyewe na kwa maelezo yake ya kwa nini alizichagua.

Kuhusu wasioonekana, tunasema wazi kwamba msimamizi mzuri wa jukwaa amewahi kupata alama nyingi kuliko mwigizaji mkuu, na itatokea tena. Fikiria barua ambayo mhusika anatakiwa kuisoma katika onyesho la tatu. Mtu aliyeiweka juu ya meza ile alasiri, akahakikisha kwamba imekunjwa mara mbili na wala si mara tatu, akaandaa ya akiba ikiwa ya kwanza itapeperushwa na upepo, ameokoa mchezo mzima bila mtu yeyote kumpigia makofi. Sisi tunamwona, na tunamwandika.

Kila mwanafunzi pia huwasilisha kurasa chache alizoandika mwenyewe, akieleza alichojifunza na alichokibadilisha katika mazoezi. Kurasa zilizonakiliwa kutoka kwa mwenzake hutambulika mara moja, kwa sababu hakuna watu wawili wanaoyakumbuka mazoezi yaleyale kwa namna moja.

Sijui kucheza ngoma wala kuimba. Je, nitafeli?

Hutafeli kwa sababu hiyo. Tunapima ulikotoka na ulikofika, na mwanafunzi anayeanza akiwa mgumu wa viungo lakini akahudhuria kila zoezi hufika mbali kuliko mwenye kipaji anayekuja siku mbili za mwisho. Atakayekosa mazoezi bila ruhusa hatapanda jukwaani, hata kama ni hodari kuliko wote, kwa kuwa wenzake hawawezi kujenga ngoma juu ya mtu asiyekuwepo.

Tamthilia huchaguliwaje? Je, tunaweza kucheza kitabu chochote?

Kila kundi huleta mapendekezo mawili, na angalau moja liwe tamthilia iliyoandikwa na wanakundi wenyewe. Kundi linalotaka kucheza tamthilia iliyochapishwa ni lazima kwanza liombe ruhusa ya mwandishi au mchapishaji, kwa sababu sisi tunakaribisha umma na hatutaki kuwafundisha walimu wa kesho kwamba kazi ya mtu inaweza kuchukuliwa bila kuulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi ya mwandishi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba William Shakespeare, kwa kuwa alifariki mwaka 1616, ni wa kila mtu. Maandishi yake ya Kiingereza ni kweli hayana mwenyewe tena. Lakini tafsiri ya Kiswahili ina haki zake yenyewe, na tafsiri mashuhuri kuliko zote ni za Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Hesabu inaonyesha kwamba tafsiri hizo zitaendelea kulindwa kwa miaka mingi bado. Kundi linalotamani kuzicheza hapa Tabora, katika mji ambao Mwalimu mwenyewe alisoma sekondari, lina sababu nzuri ya kutamani hivyo. Liombe ruhusa mapema, mwanzoni mwa muhula, kwa kuwa majibu huchukua muda.

Kukata maonyesho au kubadili mwisho wa mchezo wa mtu mwingine pia kunahitaji ruhusa. Kama mnataka mwisho tofauti, andikeni mchezo wenu.

Je, tunaweza kuandika mchezo kuhusu Mtemi Mirambo au Mtemi Isike?

Mnaweza, na tunafurahi kila kundi linapojaribu, kwa sababu historia ya mkoa huu ina drama ambayo hakuna haja ya kuiongezea chumvi. Lakini tunawataka wanafunzi wakumbuke mahali wanapochezea. Kuanzia mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliokuwa upande wa Unyanyembe, utemi wa eneo hili la Tabora, na vita hivyo viliifunga njia ya misafara ya kuelekea Ujiji. Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe, na alipambana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1893. Mchezo unaomfanya Mirambo kuwa shujaa asiye na doa na kuwafanya Wanyanyembe kuwa vibaraka utatazamwa na wajukuu na vitukuu wa pande zote mbili, wakiwa wameketi mkeka mmoja.

Hatusemi mwogope. Tunasema mfanye kazi. Nendeni Kwihara, katika tembe, ile nyumba ya udongo walimokaa wasafiri Livingstone na Stanley, mkaone unene wa kuta na udogo wa madirisha kabla ya kuchora mandhari. Zungumzeni na wazee wa familia za kitemi kabla ya kuandika, na si baada ya kumaliza, wakati ambapo mnachotaka ni baraka tu. Mpeni adui sababu zake. Mchezo wa kihistoria hudhoofika pale mwandishi anapokuwa amekwisha kuamua nani ana haki kabla pazia halijafunguliwa, na hadhira ya Tabora huligundua hilo mapema sana.

Kuhusu lugha, mhusika wa mwaka 1880 hazungumzi kama mtangazaji wa redio wa leo. Hatudai Kiswahili cha kale, bali tunadai masikio.

Ni ngoma zipi zinazochezwa, na nani huzifundisha?

Kwa kuwa tuko Unyamwezi, ngoma ya Wanyamwezi iitwayo hiari ya moyo huwa na nafasi yake karibu kila muhula. Wanafunzi kutoka Usukuma huleta bugobogobo, ngoma ya wakulima inayochezwa kwa majembe, na wale wa Kigoma huleta ngoma za Waha. Mwanafunzi haruhusiwi kuongoza ngoma ya kwao katika muhula wake wa kwanza. Tunataka kwanza ajifunze ya wengine, ili aonje ugumu ambao wenzake watauonja watakapojifunza ya kwake.

Walimu wa ngoma ni wazee na akina mama wa vijijini na mitaani walioicheza katika arusi, katika kilimo cha pamoja na katika sherehe za mavuno. Hao hulipwa posho na nauli, na majina yao husomwa kwa sauti kabla ya ngoma kuanza. Wanafunzi huwaamkia kwa heshima, huwapa viti, na huwauliza maswali badala ya kuwasahihisha kwa kutumia video walizoziona kwenye simu. Mzee akisema mguu wa kushoto ndio unaotangulia, basi ndio unaotangulia.

Vilevile mzee ana haki ya kukataa. Zipo ngoma za tambiko, za tiba na zinazohusu mapacha ambazo wenyewe hawataki zichezwe mbele ya watu waliokaa kutazama, na hapo hatubembelezi. Kinachotuumiza zaidi ni kuona ngoma ikinyofolewa sehemu moja na kuachwa nyingine. Sindimba ya Wamakonde ilisambaa katika shule na vikundi vya nchi nzima hadi watu wengi wakaijua kama mchezo wa kiuno tu, bila nyimbo zake wala shughuli iliyoizaa. Hatutaki kuwafanyia hivyo Wanyamwezi nyumbani kwao. Kwa hiyo kila kundi lazima lieleze maneno ya nyimbo linazoimba na tukio ambalo ngoma hiyo ilichezwa. Mwanafunzi anayeimba Kinyamwezi asichokielewa husimamishwa katika zoezi lile lile mpaka aulize.

Je, tunaweza kutumia ngozi za wanyama, manyoya na nyoka hai?

Nyoka hai hawaruhusiwi kabisa. Tunajua kwamba ngoma za uyeye zina historia ndefu ya mafundi wa nyoka, na tunaiheshimu. Lakini mafundi hao walijifunza dawa na mikono kwa miaka mingi, na mwanafunzi wa muhula mmoja hana elimu hiyo. Nyoka wa kitambaa aliyeshonwa vizuri anatosha.

Ngozi ya chui, mkia wa nyumbu, manyoya ya mbuni na vitu vingine vya wanyamapori ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuvimiliki bila kibali ni kosa la jinai hata kama ni urithi wa babu. Tafadhali msivilete chuoni, wala msiazime kwa mtu. Ngozi ya mbuzi, mkia wa ng'ombe kwa ajili ya usinga, na kitambaa kilichotiwa madoa kwa rangi vinafanya kazi ileile jukwaani.

Ngoma hutunzwaje, na kwa nini mnawakataza wanafunzi kuzipasha kwenye jiko la mkaa?

Ngozi ya ngoma hunywa unyevu. Katika miezi ya mvua, ngoma iliyolia vizuri saa tisa inaweza kuwa imelegea saa kumi na nusu, na mpigaji asiyejua huanza kuipiga kwa nguvu zaidi, akajiumiza mikono na kuipasua ngozi. Dawa yake ni moto wa nyasi kavu au vijiti vyembamba, unaowaka haraka na kuzimika haraka. Ngoma hushikwa kwa mshazari, uso wake ukiutazama moto kutoka umbali wa mkono mmoja, huku ikizungushwa polepole bila kutulia. Mpigaji huigonga kwa ncha za vidole, kwanza katikati, kisha kandokando kuelekea vigingi, na huacha kuipasha mara tu pembe zote zinapotoa mlio mmoja. Jiko la mkaa hutoa joto kali la mahali pamoja, ambalo hukausha ngozi sehemu moja na kuikunja. Kuianika ngoma juani mchana kutwa nako kuna hasara, kwa kuwa mti wenyewe hupasuka.

Kila kundi huteua watunza ngoma wawili. Kazi yao huanza saa moja kabla ya onyesho, na nayo ina alama.

Umeme ukikatika?

Tuna jenereta ndogo ya taa. Vipaza sauti havitegemewi, na mwigizaji anafundishwa tangu mwanzo kufikisha sauti yake kwa aliyeketi nyuma kabisa.

Je, hadhira inaruhusiwa kushangilia na kuwatunza wachezaji?

Katika ngoma, ndiyo. Vigelegele, makofi na kuitikia nyimbo ni sehemu ya ngoma yenyewe, na mtu anayetaka kumtunza mchezaji anaweza kumwendea na kuweka fedha mkononi mwake au katika kapu lililo mbele ya wapigaji. Fedha hizo hukusanywa na kutumika kwa ngozi mpya na nauli za wazee. Hazimwongezei mwanafunzi alama yoyote. Katika tamthilia tunaomba watu wasipande jukwaani, kwa sababu mhusika anayelia msiba hawezi kupokea noti na kuendelea kulia. Kucheka, kuguna na hata kumwonya mhusika kwa sauti hatukukatazi.

Binti yangu anarudi jioni sana kwa sababu ya mazoezi. Je, ninaweza kuwa na uhakika na usalama wake?

Mzazi, una haki ya kuuliza, na ni afadhali uulize kuliko kumzuia. Mazoezi ya jioni humalizika saa mbili usiku na daima huwa na msimamizi wa kike na wa kiume. Hakuna zoezi la mtu mmoja na mhadhiri mmoja katika ofisi iliyofungwa. Maonyesho yenye kushikana, kupigana au mapenzi hupangwa hatua kwa hatua mbele ya kundi zima, na mwigizaji anayesema hapana husikilizwa bila kudaiwa maelezo. Mtu yeyote, awe mwanafunzi mwenzake au mfanyakazi wa chuo, atakayedai upendeleo ili atoe nafasi ya kuigiza au alama, aripotiwe katika dawati la jinsia la chuo au la polisi. Mwanafunzi anayeripoti hataondolewa katika mchezo. Wanaoishi nje ya hosteli hupangwa kuondoka kwa makundi kulingana na mitaa yao.

Je, ninaweza kurekodi video na kuiweka mtandaoni?

Picha chache za kumbukumbu hazina tatizo, mradi usitumie mwanga wa simu wakati wa tamthilia. Video nzima hairuhusiwi bila idhini, kwa sababu waliomo ndani yake ni watahiniwa, na kwa sababu ngoma ile ina wenyewe ambao walikubali ichezwe hapa, siku hii, na hawakuulizwa kuhusu dunia nzima. Chuo hurekodi kila onyesho kwa ajili ya tathmini na kumbukumbu za maktaba, na mzee aliyefundisha ngoma hupewa nakala yake. Mzazi anayehitaji kipande alichocheza mwanawe aandike ombi kwa mratibu wa maonyesho baada ya matokeo ya muhula kutangazwa.